Miezi Kumi na Minne Kutoka Nyamwaga

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyakuta maneno haya gazetini kwa kuwa jioni ile betri za redio yako zilikuwa zimekwisha, leo nitaanza na habari ya nyumbani kwetu.

Marehemu shangazi yangu alikuwa mkulima karibu na Nyamwaga, wilayani Tarime. Siku alipogusa uvimbe katika titi lake la kushoto, mdogo kama punje ya hindi, hakumwambia mtu. Baadaye, nilipomlaumu, alinijibu: "Mwanangu, ulikuwa hauumi. Ugonjwa gani huo usiouma?" Alipokuja kusema, miezi minne ilikuwa imekwisha pita. Zahanati ya kwanza ilimpa vidonge vya kutuliza maumivu ambayo hakuwa nayo. Mahali pa pili walisema ni jipu la maziwa, ingawa mtoto wake wa mwisho alikuwa amekwisha oa. Mahali pa tatu wakakata kipande cha uvimbe, wakakituma maabara mbali, na majibu yakakaa huko. Barua ya kwenda Dar es Salaam ilipotoka, wazee wa ukoo walikaa vikao viwili kuamua ng'ombe yupi auzwe. Mimi nilikuwa mjini na mshahara wangu. Sikuulizwa, wala sikuuliza. Tangu punje ile ya hindi hadi siku alipolazwa chini ya mashine ya mionzi, mwaka 2003, ilipita miezi kumi na minne.

Leo sikusudii kumsema daktari wala wazee wa ukoo. Nataka kutafuta miezi ile ilitoka wapi, maana mingine ilianza kuhesabiwa shangazi hajazaliwa.

Jengo la Ocean Road, pale mbele ya bahari, lilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1897. Lilikuwa hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi, Sewa Haji, na kuitwa kwa jina lake. Mwingereza alipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliyakuta mambo hayo akayaacha yalivyo: Mzungu Ocean Road, Mwafrika Sewa Haji, hadi mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, rangi ya ngozi ikaacha kuwa cheti cha kuingilia hospitali. Jambo hilo lilikuwa kubwa, na vijana wa leo hawalijui uzito wake.

Lakini hospitali kubwa zilibaki zilipokuwa. Mashine za mionzi zilipokuja ziliwekwa Ocean Road, na mwaka 1996 pakaundwa kisheria Taasisi ya Saratani hapo hapo. Kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pengine katika Tanzania ambapo mgonjwa angepata tiba hiyo. Mama wa Upanga alikwenda kwa miguu akarudi kupika chakula cha mchana. Mama wa Mugumu au Tarime alikuwa na zaidi ya kilomita 1,200 mbele yake, na tiba ya mionzi si sindano ya siku moja. Ni kwenda kila siku kwa majuma kadhaa, kwa hiyo atafute na pa kulala.

Mtu anaweza kusema kwamba huko Mara saratani haikujulikana. Si kweli hata kidogo. Wamisionari wa Kimenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali yao ikaja kuwa na jina duniani kwa ajili ya saratani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika akiuliza hospitali kwa hospitali uvimbe huo unaonekana wapi. Wilaya yetu, wakati huo ikiitwa Mara Kaskazini, ilikuwa na wagonjwa wengi, hasa kule bondeni kando ya ziwa kuliko huku milimani. Watoto wakaandikishwa Shirati mmoja mmoja. Kuanzia 1977 hadi 1982 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waligawa klorokwini kwa watoto wa wilaya hiyo ili kuona kama malaria ikipungua na uvimbe utapungua. Jibu la kukata halikupatikana, lakini vitabu vya tiba vinaitaja Mara Kaskazini hadi leo. (Shirati yenyewe sasa iko Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007.)

Sasa tazama ajabu hii. Wilaya iliyohesabiwa saratani yake hadi Ulaya ilikuwa na akina mama waliooza matiti majumbani. Siwalaumu wale madaktari. Uvimbe wa mtoto uliweza kutibiwa kwa sindano pale pale Shirati. Titi lilidai upasuaji, maabara ya kusoma kile kipande, dawa na mionzi, na kila kimoja kiliwekwa mbali na mwenzake. Ndiyo maana hata sasa kwetu Tanzania wagonjwa wanane hivi katika kumi hugundulika wamechelewa, ugonjwa umekwisha fika mbali.

Huko Serengeti kuna jambo jingine ambalo mtu wa Mugumu huliona kwa macho. Mtalii akianguka mbugani, redio inaita, ndege inatua kiwanja cha nyasi, na jioni mgonjwa yuko Nairobi. Madaktari Warukao walianza kazi hiyo mwaka 1957, na kwa haki tuseme ndege zao zimepeleka madaktari wa upasuaji katika hospitali nyingi za vijijini. Hata hivyo mama anayelima nje ya mpaka wa hifadhi huitazama ndege ile ikipita juu ya shamba lake, naye anangoja basi la Musoma.

Msidhani mambo haya ni ya nchi maskini peke yake. Mjini New York, katika hospitali ya Harlem, daktari mweusi aitwaye Harold Freeman alihesabu wagonjwa wake wa saratani ya titi wa miaka 1964 hadi 1986, wengi wao weusi na mafukara. Karibu nusu walifika wamechelewa, na walioishi miaka mitano walikuwa 39 tu katika kila 100. Mashine katika mji ule hazikukosekana. Freeman alifungua kliniki ya kuwachunguza bila kudai fedha kwanza, kisha mwaka 1990 akaweka watu ambao kazi yao ni kumshika mgonjwa mkono: wajaze fomu naye, wafuatilie majibu, wahakikishe hapotei njiani. Wa miaka ya 1995 hadi 2000, walioishi miaka mitano walikuwa 70 katika 100. Huko Namibia nako, utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miaka mitatu baada ya kugundulika, wanawake weupe waliokuwa hai walikuwa 90 katika 100, na weusi 56.

Kwetu Mara, kazi kama ile ya watu wa Freeman angeifanya ndugu mwenye mshahara mjini, kama angeuliza.

Mambo yamesogea, lazima niseme. Bugando, Mwanza, sasa wana mashine za mionzi, na kutoka Tarime ni kilomita 300 hivi. Shirika la Afya Duniani limesema mwanamke mwenye uvimbe apate jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu afike kwa mganga wa kwanza. Siku 60! Shangazi yangu alizimaliza hizo kwa vidonge na jipu la maziwa, kabla kisu hakijagusa uvimbe ule.

Barua yake ya rufaa ninayo bado. Kutoka tarehe ya barua hadi muhuri wa kupokelewa Dar es Salaam nimehesabu siku 97, na basi lilichukua siku mbili tu kati ya hizo. Wakati ule barabara ya Singida ilikuwa mbovu, kwa hiyo mabasi mengi ya kwetu yalivukia Sirari, yakapita Kenya na kuingia tena nchini kwa Namanga. Aliniambia walipita Nairobi usiku, akaona taa nyingi, akamwuliza kijana wa kiti cha pili kama ndiyo Dar es Salaam. Hospitali ya Kenyatta, yenye mionzi, ilikuwa katika taa zile. Yule kijana akamwambia: "Bado, mama. Lala kwanza, bado sana."