Klarineti za Kale na Ufundi wa Kuzihuisha

Mpingo ukitajwa mbele ya Watanzania, wengi wetu hukumbuka kwanza vinyago vya Wamakonde. Kumbukumbu hiyo ni ya haki kabisa. Hata hivyo, tangu karne ya 19 sehemu ya mpingo unaokatwa katika misitu ya Tanzania na Msumbiji imekuwa ikisafirishwa hadi Ulaya, na huko mafundi wameukereza na kuutoboa ili kutengeneza ala za kupuliza, hasa klarineti. Mwili mweusi wa klarineti inayopigwa katika bendi za kijeshi siku za sherehe huenda ulikuwa mti uliosimama Kilwa au Lindi. Katika makala haya tunakusudia kuizungumzia sehemu ya ala hiyo ambayo husahauliwa zaidi, yaani ule mtandao wa madini uliojengwa juu ya mti, na kazi ya kuutengeneza upya unapochakaa. Maana mpingo ukitunzwa hudumu kwa zaidi ya miaka 100. Kinachokufa mapema ni ngozi, gome la kizibo na springi, vitu vya thamani ndogo kabisa. Klarineti nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa, zimekufa kwa ajili ya vitu hivyo tu.

Yafaa kwanza tuulize kwa nini ala hii ihitaji vibonyezo vingi. Zumari yetu ya pwani ina matundu ya vidole tu, haina kibonyezo hata kimoja, na bado humtosheleza mpigaji wake. Filimbi ya kawaida nayo ikipulizwa kwa nguvu huruka hadi sauti ya 8 juu ya ile ya kwanza, hivyo mpigaji hurudia vidole vile vile na kupata safu ya pili ya sauti. Klarineti haina tabia hiyo. Kwa kuwa uwazi wake wa ndani una upana unaokaribia kuwa sawa kwa sehemu kubwa ya urefu wake, na ncha yake ya juu huzibwa na ulimi wa tete pamoja na kinywa cha mpigaji, sauti yake huruka hadi hatua ya 12. Ukihesabu kila nusu-sauti, kuna sauti 19 za kupatikana kabla vidole havijaanza kurudia. Na vidole vyenyewe ni 9, kwa sababu gumba la mkono wa kulia lina kazi ya kuibeba ala. Basi historia ya klarineti ni historia ya kutafuta jinsi vidole 9 vitakavyoyatawala matundu yaliyozidi idadi yao.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Johann Christoph Denner, fundi wa mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, aliyefariki mwaka 1707. Klarineti za mwanzo zilikuwa na vibonyezo 2. Mwishoni mwa karne ya 18, wakati Mozart alipomwandikia mpigaji Anton Stadler konserto yake ya mwaka 1791, klarineti za vibonyezo 5 ndizo zilizokuwa za kawaida. Zilitengenezwa kwa mbao ya manjano ya mti mdogo wa Ulaya uitwao kitaalamu Buxus. Kibonyezo kilikuwa kipande cha shaba ya njano kilichochomekwa katika mfuo wa kigongo cha mti, ambacho fundi alikiacha makusudi alipokuwa akikereza, na pini ilipita katikati ya kigongo na kibonyezo. Chini yake palikazwa springi bapa. Kifuniko chenyewe kilikuwa sahani bapa iliyobandikwa kipande cha ngozi laini, na ngozi ile ililala juu ya tundu. Alimradi vifuniko ni vichache, upepo unaovuja huvumilika. Vikiongezeka, kila kimoja ni mlango wa kupotezea pumzi, na ala huwa haiitiki.

Hapo ndipo alipoingia Iwan Müller, mzaliwa wa Reval, mji ambao leo huitwa Tallinn. Badala ya ngozi bapa yeye alitumia kitakia, yaani mto mdogo wa mviringo uliovikwa ngozi na kujazwa sufu, uliokaa ndani ya kikombe cha madini. Na kingo za tundu akazichonga ili kitakia kikae na kuziba barabara. Kwa njia hiyo aliweza kuweka vibonyezo 13 bila kupoteza upepo. Mwaka 1812 aliionyesha ala yake mjini Paris mbele ya kamati ya wataalamu wa chuo cha muziki, nao wakaikataa. Hofu yao mojawapo ilikuwa kwamba mpigaji mwenye klarineti moja inayoweza yote ataziacha zile nyingine za ukubwa mbalimbali, na ladha ya kila moja itapotea. Hatuwacheki wazee wale, kwani hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini wapigaji waliifuata klarineti ya Müller, na hata leo kila kitakia kinachobadilishwa katika karakana yoyote ni mjukuu wa kitakia chake.

Hatua kubwa iliyofuata ilichukuliwa na Wafaransa wawili, mpigaji Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet. Waliazima pete zilizotumiwa na Theobald Boehm katika filimbi yake, wakaonyesha kazi yao mwaka 1839 na kuipatia hataza mwaka 1844: matundu 24, vibonyezo 17 na pete 6. Katika mfumo huo kidole kimoja huziba tundu lake na papo hapo hufunga kifuniko kilicho mbali kwa njia ya fito ndefu ya chuma inayozunguka kati ya nguzo ndogo. Mjini Brussels, Eugène Albert na wanawe waliendelea kuboresha mfumo wa zamani wenye pete chache, na klarineti za namna hiyo zilienea sana Uingereza. Wapigaji weusi wa New Orleans, kama vile Johnny Dodds na Sidney Bechet, walizitumia hizo hizo walipokuwa wakiujenga muziki wa jazi. Nchini Uturuki zingali zikipendwa hadi sasa.

Tukumbuke pia kwamba ni katika karne hiyo ya 19 mbao ya manjano ilipoanza kuachia nafasi mpingo. Kwa maoni yetu mabadiliko hayo mawili hayawezi kutenganishwa. Nguzo ndogo za madini hukazwa kwa hesi ndani ya mti wenyewe, na fito inayopita kati ya nguzo mbili hukwama mara mti unapopinda japo kidogo kwa unyevu wa pumzi. Ule mti wa Ulaya hupinda. Mpingo ni mzito hata huzama majini, nao hushika hesi karibu kama madini. Wingi wa vibonyezo uliudai mti wa aina hiyo.

Sasa tuitazame kazi ya fundi. Kabla hajagusa skrubu yoyote, hana budi kujua ala iliyo mbele yake ni ya mfumo gani na ya kimo gani cha sauti. Zamani bendi za Uingereza zilipiga kwa kimo cha juu, sauti ya A ikiwa na mitetemo takriban 452 kwa sekunde, na bendi za kijeshi zilishikilia kimo hicho hadi miaka ya 1920. Mkutano wa London wa mwaka 1939 ulipendekeza mitetemo 440, na ndiyo inayofuatwa kwa kawaida. Klarineti ya kimo cha juu inaweza kutengenezwa ikang'aa kama mpya, lakini haitapatana na wenzake. Kuivuta viungo vyake ili iwe ndefu hakusaidii sana, kwani nafasi kati ya matundu hubaki zile zile. Wako walionunua ala kama hizo kwa furaha na kuzilipia matengenezo, kisha wakagundua hayo siku ya kwanza ya mazoezi.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua. Skrubu zilizoshikwa na kutu hutiwa tone la mafuta na kuachwa usiku kucha; anayezilazimisha huvunja kichwa cha skrubu. Kila skrubu hurudi mahali pake pa asili, kwa maana mafundi wa kale walizitengeneza moja moja kwa mkono. Vibonyezo vikishasafishwa huangaliwa kama vinachezacheza katika nguzo zake. Miaka mingi ya kusuguana hufupisha bomba la kibonyezo, na kibonyezo kinachocheza hakiwezi kufunga tundu mahali pale pale mara mbili. Tiba yake ni kulibana bomba kwa koleo laini huku fito ikiwa ndani, mpaka madini yarefuke kiasi cha unywele na kujaza pengo. Kazi hii inafanana sana na ya sonara, na fundi aliyezoea kulehemu pete au mikufu ataielewa upesi kuliko fundi wa magari.

Springi ndizo zinazomsumbua fundi zaidi. Zile zilizo kama sindano, ambazo uvumbuzi wake huhusishwa na Buffet, hupita katika kitundu cha nguzo, na zikiliwa na kutu hukatika usawa wa nguzo bila kuacha cha kushika. Kisiki husukumwa nje taratibu kwa ncha butu. Springi mpya hupigwa nyundo upande mmoja juu ya fuawe hadi iwe bapa kidogo, ili ijikaze yenyewe ndani ya kitundu. Ikiwa laini kupita kiasi hupinda, ikiwa ngumu kupita kiasi huvunjika. Chuma kilichopashwa moto hadi kuwa na rangi ya samawati ndicho kinachofaa.

Kisha huja vitakia. Vya sasa vingi ni sufu iliyogandamizwa na kuvikwa utando mwembamba wa utumbo wa ng'ombe, lakini vikombe vya klarineti za Müller na za wakati wake ni vyenye kina, na kitakia chembamba cha leo hupotea ndani yake. Huko hutakiwa ngozi na sufu kama zamani. Kikombe hupashwa moto kidogo, lakiri huyeyushwa ndani, na kitakia huelea juu yake hadi kikae sawa na ukingo wa tundu kabla lakiri haijaganda. Ili kupima, fundi hukata utepe wa karatasi ya sigara, huubana kati ya kitakia na tundu, kisha huuvuta kutoka pande zote nne. Upande ambao karatasi inatoka bila kizuizi ndio unaovuja. Hakuna mashine iliyoishinda karatasi hiyo kwa urahisi wake.

Je, fundi aishie wapi? Hili ni jambo linalobishaniwa. Wapo wanaotaka klarineti ya kale ipigwe, hata kama ni kwa kuongeza kibonyezo au kupanua tundu. Wapo wanaosema isiguswe kabisa. Mwanasayansi Nicholas Shackleton wa Cambridge, aliyejulikana duniani kwa utafiti wake wa tabianchi ya kale, alikuwa pia mpigaji na mkusanyaji wa klarineti. Alipofariki mwaka 2006 aliziachia Chuo Kikuu cha Edinburgh mamia ya ala hizo. Mkusanyo kama huo una manufaa kwa sababu tu vibonyezo bado vinaeleza mikono iliyovitengeneza. Tupa ikipita mara moja juu ya sahani ya mwaka 1790, habari hiyo imefutika. Sisi tunaona kwamba kitakia, gome la kizibo na springi ni vya kubadilishwa bila wasiwasi, kwa kuwa tangu mwanzo viliwekwa vibadilishwe. Ila vile vya kale vihifadhiwe ndani ya bahasha pamoja na ala. Tundu na kibonyezo ni jambo jingine. Hivyo visipanuliwe wala kupunguzwa.

Jambo hili linatuhusu kwa njia nyingine pia. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 60 kukomaa, na sehemu kubwa ya gogo hutupwa kwa sababu ya nyufa na mafundo. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya Dalbergia imewekwa chini ya vibali vya mkataba wa CITES, ingawa mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa sharti hilo. Wilayani Kilwa, misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya FSC ya uvunaji bora. Kila klarineti inayorudishwa kazini inapunguza haja ya kukata gogo jingine.

Shule au bendi iliyo na klarineti ya zamani kabatini yaweza kuanza bila gharama kubwa. Ala itolewe katika kisanduku na kufunguliwa viungo vyake, ipanguswe vumbi, gome la viungo lipakwe mafuta ya mgando, na vifuniko vipimwe kimoja kimoja kwa karatasi ya sigara. Orodha ya vinavyovuja ndiyo atakayoitaka fundi kwanza.