Ubanaji wa data kwenye tepu za bakapu

Ubanaji wa data kwenye tepu ni kazi ya chipu iliyomo ndani ya draivu: data ikitoka kwenye seva, chipu huipunguza ukubwa kabla haijaandikwa, na wakati wa kusoma huirudisha kama ilivyokuwa. Kwa kuwa seva haishughuliki na lolote, mtu anaweza kufanya bakapu miaka nenda miaka rudi asijue kama ubanaji umewashwa.

Kinachowachanganya wengi ni maandishi ya kwenye kaseti. Kaseti ya LTO-6, iliyotoka mwaka 2012, hubeba terabaiti 2.5 za hakika. Zile 6.25 zinazotangazwa ni makisio kwamba data itabanika mara 2.5. Orodha ya malipo ya wakulima wa tumbaku wa Mpanda, yenye maneno na sifuri zilezile mstari hadi mstari, hubanika sana. Picha za viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi hazibaniki, kwani JPEG imeshabanwa na kamera. Data iliyosimbwa kabla ya kufika kwenye draivu nayo ni hivyohivyo. Lakini draivu inayosimba yenyewe, kuanzia LTO-4, hubana kwanza.

Kwenye Linux, amri ya tapeinfo -f /dev/sg0 huonyesha mistari miwili inayofanana. DataCompCapable husema draivu ina uwezo. DataCompEnabled husema uwezo huo umewashwa. Wengi husoma wa kwanza wakaridhika, na hapo ndipo wanapopotea. Kuwasha ni mt -f /dev/nst0 compression 1, ingawa programu ya bakapu inaweza kuzima tena bila kuuliza.

Kwa hiyo jaribio ndilo shahidi. Chukua kaseti isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa. Andika gigabaiti 50 za sifuri kwa amri ya dd, bs=256k, kisha gigabaiti 50 za data ya kubahatisha iliyoandaliwa mapema kwenye diski yenye kasi. LTO-6 isipobana huandika megabaiti 160 kwa sekunde. Sifuri zikipita hapo na data ya kubahatisha ikabaki palepale, ubanaji unafanya kazi. Kasi zikilingana, ubanaji umezimwa, au seva haimudu kuilisha draivu.

Hata ubanaji ukifanya kazi, anayetaka kusafirisha nakala kwa reli ya kilomita 210 kutoka Mpanda hadi Kaliua ahesabu kaseti zake kwa terabaiti 2.5, si 6.25.