Wasimamizi wa Mfongo
Mifongo, yaani mifereji ya asili ya Uchagani, kwenye mlima Kilimanjaro, huchota maji mitoni, juu msituni, na kuyashusha hadi vihambani, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, kwa mteremko tu. Harry Johnston, mgeni kutoka Uingereza, aliikuta ikinywesha migomba mwaka 1884. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliotoa msimamizi. Leo zipo pia kamati zinazochaguliwa na watumiaji. Mshahara hakuna. Kazi ni kupanga zamu, kuamua ugomvi wa aliyejifungulia maji usiku si zamu yake, na kuita msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope na kuziba kingo zilizobomoka. Asiyefika hutozwa faini. Zamani ililipwa hata kwa mbege, pombe ya ndizi, na waliofanya kazi waliifaidi. Siku hizi wasimamizi wana pia kibali cha kutumia maji cha kufuatilia kwenye Bodi ya Maji Bonde la Pangani.