Kivuko cha Likoni

Majina mawili ya Mombasa yatosha kueleza kwa nini kisiwa hicho hakijapata daraja la kudumu juu ya mlango wake wa kusini. Kilindini ni mahali penye kilindi, yaani maji marefu. Likoni ni mahali penye liko, pwani washukapo watu wa vyombo, ambapo kwa Kiunguja huitwa diko. Upande wa magharibi bahari ilikatwa kwa tuta la Makupa. Upande wa kaskazini daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, likafuatwa na daraja la saruji mwaka 1980. Lakini mlango wa kusini ndio njia ya meli kubwa ziendazo bandarini, na daraja lo lote hapo lingepasa kuzipita meli hizo kwa urefu. Kilindi kile kile kilicholeta bandari ndicho kilichowanyima watu wa Likoni daraja.

Basi watu walivushwa kwa mashua na mitumbwi, na tangu mwaka 1937 kwa feri. Neno hili la kigeni limeshika kuliko kivuko, nalo limefuata desturi ya neno la zamani: kama kivuko kilivyo chombo na mahali pia, ndivyo mtu wa Mombasa asemavyo “naenda feri” hali hana nia ya kuvuka. Watu wa Tanzania hukiita chombo cha namna hiyo pantoni, nao hawachanganyi hivyo.

Chombo chenyewe ni bapa, hakina mbele wala nyuma. Kila ncha ina mlango wa chuma ushushwao ufukweni kuwa kama ulalo, magari yakaingia kwa ncha moja na kutokea kwa nyingine. Safari ni ya dakika chache tu; kazi kubwa ni kungoja, kupakia na kuipisha meli ipitayo. Miongoni mwa vyombo vya mwaka 1990 vilikuwamo Nyayo na Harambee; vya mwaka 2010 viliitwa Kwale na Likoni; cha mwaka 2017 kikaitwa Jambo. Mwenye kupenda historia ya siasa ataona jinsi wito wa taifa ulivyopisha majina ya miji, na miji ikapisha salamu.

Hesabu zilizotajwa sana katika miaka ya 2010 zilikuwa watu zaidi ya 300,000 na magari kama 6,000 kwa siku, yaani watu 50 kwa kila gari moja. Mwenye gari hulipa. Aendaye kwa miguu havushwi kwa nauli. Kwa hiyo feri, ambayo umbo lake ni la kubebea magari na mapato yake yatoka kwa magari, kwa kweli ni chombo cha waendao kwa miguu, wafanyakazi na wachuuzi walalao Likoni na kutafuta riziki kisiwani.

Wingi huo una hatari yake. Tarehe 29 Aprili, 1994, feri ya Mtongwe, iliyo jirani na Likoni, ilipinduka karibu na ufuko ikiwa imepakia kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Tarehe 29 Septemba, 2019, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka katika Harambee kwa mlango ambao haukuinuliwa barabara, likazama pamoja na mama na mwanawe. Wapiga mbizi walilitafuta siku 13, wakalikuta chini, mita zipatazo 58. Wazee walioliita pale Kilindini hawakutia chumvi.

Katika miaka ya 2020 barabara ya Dongo Kundu imewapatia wenye magari njia ya kuzunguka mpaka pwani ya kusini bila ya kuvuka mlangoni. Kwa aendaye kwa miguu mzunguko huo ni safari ya kilomita nyingi, naye angali akisimama likoni, akingoja mlango wa chuma ushushwe.