Namba tasa za mapacha wanne

Namba tasa nne huitwa mapacha wanne iwapo ya kwanza, ikijumlishwa 2, 6 na 8, huzaa nyingine tatu. Kundi dogo kabisa ni 5, 7, 11, 13. Hufuata 11, 13, 17, 19, kisha 101, 103, 107, 109. Kundi la pili lina historia ya kipekee: mikato ya idadi hizo imechongwa kwenye safu moja ya mfupa wa Ishango, wenye takriban miaka 20,000, uliochimbuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 mashariki mwa Kongo, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Hata hivyo, safu moja haitoshi kuthibitisha kwamba wachongaji walizijua namba tasa. Hadi sasa hakuna aliyethibitisha kuwa makundi haya hayana mwisho.