Mwanza, Kituo cha Mwisho Kutoka London

Tarehe 28 Februari 2031 itatimia miaka 100 tangu ndege ya Imperial Airways ipae kutoka uwanja wa Croydon, London, kufungua njia ya kuja Mwanza. Naam, Mwanza. Si Nairobi wala Dar es Salaam: mji huu wa mawe kando ya Ziwa Viktoria ndio uliokuwa mwisho wa ratiba ya kwanza ya ndege kutoka Uingereza hadi Afrika Mashariki.

Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 6,800. Safari ilikula kama siku 10. Usiku ndege zililala, na kilichotoka London kilihamishwa njiani zaidi ya mara moja. Kutoka Cairo hadi Khartoum ilitumika Argosy, ndege ya nchi kavu. Kuanzia Khartoum zamu ilishikwa na Short Calcutta, ndege ya majini yenye injini tatu na viti 15, iliyofuata Nile hadi Malakal na Juba, ikagusa Port Bell na Kisumu, kisha ikatua ziwani Mwanza.

Lakini kilichorefusha safari zaidi ni ugomvi wa Ulaya. Mwaka 1929 Imperial Airways ilikuwa ikipitisha ndege zake za majini Genoa, Italia. Serikali ya Mussolini ikataka mapato ya njia hiyo yagawanywe na shirika la Italia. Waingereza wakakataa, na bandari za Italia zikafungwa kwa ndege zao. Njia ya anga ikakatika katikati, treni ikaziba pengo. Hata baada ya kupatana, kwa miaka kadhaa abiria wa Afrika aliruka London hadi Paris, akapanda treni hadi Brindisi, ndipo akapata tena ndege ya kuvuka Mediterania. Tiketi ya ndege, safari ya reli!

Fahari ya Mwanza haikudumu hata mwaka. Januari 1932 njia iliporefushwa hadi Cape Town, ilipinda kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini zikahamia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Mwaka 1952 ikaja Comet, ndege ya abiria ya jeti, iliyopita Entebbe na kufika Johannesburg kutoka London kwa chini ya saa 24.

Leo Nairobi hadi London ni takriban saa tisa bila kutua. Msafiri wa Mwanza huanza kwanza kwa kutafuta ndege ya kuunganisha.

Bahasha zilizobebwa na safari zile za 1931 hununuliwa na wakusanyaji wa stempu Ulaya. Jiji lenyewe halina budi kuzitafuta mapema, pamoja na picha na nyaraka, kabla 2031 haijafika. Mwenye chochote nyumbani asikitupe.