Macho Mekundu Baada ya Kuogelea: Klorini Inabeba Lawama Isiyo Yake

Tuseme ukweli. Kama unaogelea mara tatu kwa wiki, hali hii unaijua: macho mekundu kama umekesha matangani, ngozi inawasha na kupauka, pua inatiririka hadi jioni. Ukimlalamikia mtu, jibu ni lile lile: "Wewe uko na aleji ya klorini, achana na kuogelea." Na wengi huacha. Lakini ukifuata historia ya hii kitu, utaona tumekamata mshukiwa mmoja na kumwachilia mwenzake.

Klorini ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka wa 1774 na Carl Wilhelm Scheele, mkemia aliyefanya kazi Uswidi. Humphry Davy akaipa jina mwaka wa 1810, kutokana na neno la Kigiriki la rangi yake ya kijani iliyopauka. Mwanzoni haikuwa na uhusiano wowote na maji ya kunywa au ya kuogelea. Ilikuwa ya nguo. Miaka ya 1780, huko Javel karibu na Paris, ilitumika kutengeneza maji ya kung'arisha vitambaa. Ile Jik iko chini ya sinki kwenu ni ya ukoo huo huo.

Kisha ikaanza kuokoa watu. Mwaka wa 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari wa Vienna kunawa mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa akina mama waliojifungua. Kwenye wodi yake, mwaka wa 1846 karibu mama 11 kati ya 100 walikufa. Kufikia 1848 ilikuwa kama 1 tu. Mwaka wa 1905, mji wa Lincoln, Uingereza, ulitia klorini kwenye maji ya mfereji kupambana na homa ya matumbo. Mwaka wa 1908 Jersey City, Marekani, ikafuata chini ya Dkt. John Leal. Hiyo "sumu" yake ilijadiliwa kortini, na mwishowe upande wake ukashinda.

Na mabwawa ya kuogelea je? Zamani maji yalijazwa, watu wakaoga ndani siku kadhaa, halafu yakamwagwa. Uingereza kuna mabwawa yaliyotoza pesa nyingi siku ya maji mapya, na bei ikashuka kadiri maji yalivyochafuka. Imagine unalipa kidogo ndio uogelee kwenye supu! Karibu mwaka wa 1910, Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani kikajaribu klorini kwenye bwawa lake, na mtindo ukaenea.

Sasa hapa ndio penye maneno. Klorini ikiwa ndani ya maji hukutana na tulichokuja nacho: jasho, mafuta ya mwili, na ndiyo, mkojo. Vikichanganyika hutokea kloramini. Hizo ndizo huchoma macho, hukereketa koo, na hutoa ile harufu tunayoiita "harufu ya klorini". Kwa hivyo bwawa linalonuka sana si lazima liwe limetiwa dawa nyingi. Mara nyingi klorini yenyewe imeshachoka kupigana na uchafu wetu.

Hata wakubwa wameumia. Mwaka wa 1972 Munich, Mark Spitz alishinda dhahabu 7 bila miwani ya kuogelea. Rio 2016, lita 80 za haidrojeni peroksaidi ziliingizwa kwenye mabwawa ya Olimpiki kimakosa, zikaua nguvu ya klorini. Maji yakageuka kijani na wachezaji wakalalamika macho yanawasha.

Maoni yangu ni haya: kumwambia mwogeleaji ajikaze ni uonevu. Ndiyo, kuna vitu anaweza kufanya mwenyewe. Oga maji safi kabla ya kuingia, kwa sababu ngozi na nywele zikishalowa hunyonya maji machache ya bwawa. Vaa miwani. Ukitoka tu, oga tena na ujipake mafuta. Na ukianza kukohoa au kifua kubana, hiyo si ya kuvumilia, muone daktari.

Lakini wewe peke yako huwezi. Unaweza kuoga vizuri, halafu watu hamsini wakaruka ndani na jasho la mpira na losheni ya asubuhi. Bwawa ni kama sufuria ya pamoja, anayetia mkono mchafu anawalisha wote. Kwa hivyo kabla ulipe kiingilio, uliza: shawa zinafanya kazi? Maji yanapimwa lini, na kipimo kimebandikwa wapi? Meneja akikuona msumbufu, sawa tu. Leal waliona ni msumbufu pia.